Zebaki haitoki miguuni

Beseni la plastiki linajazwa maji ya uvuguvugu, chumvi inatiwa kijiko kimoja, kisha kinatumbukizwa kifaa cha duara chenye waya uliochomekwa kwenye boksi la umeme. Mteja anaweka miguu. Baada ya dakika chache maji yanaanza kuwa ya njano, kisha ya kahawia, na juu yake panaelea povu zito kama mchuzi wa maharage uliolala. Mwenye mashine ananyoosha kidole: hii ya njano ni sumu ya figo, hii ya kahawia ni ya ini, na zile chembe nyeusi ndizo metali nzito. Huduma hiyo ilianzia mijini, siku hizi utaikuta hata kwenye vibanda vya miji midogo. Mkoani Mara ina soko la aina yake, maana huku ukimtajia mtu metali nzito huna haja ya kumfafanulia.

Rangi ile ni kutu. Kile kifaa kina vipande vya chuma ndani yake, na umeme ukipita kwenye maji ya chumvi chuma huliwa na kumeng'enyuka. Washa mashine bila kuweka miguu ya mtu yeyote, maji yatageuka vilevile. Ngozi ya unyayo haina njia ya kutolea zebaki wala risasi, na hata ingekuwa nayo, kuangalia rangi kwa macho hakuwezi kumwambia mtu ni metali gani iliyotoka.

Lakini anayelipia beseni lile si mjinga, na ndiyo sababu ya makala haya. Chukua mfano wa Nyambureti, kata ya Wilaya ya Serengeti, nchi ya ng'ombe, mihogo na mtama. Mpaka wa Serengeti na Tarime ni mto Mara. Ukivuka kwenda kaskazini unaingia upande wa Nyamongo, ambako mgodi wa North Mara umekuwa ukizalisha dhahabu tangu 2002, na ambako uchimbaji wa mikono ulikuwepo kabla yake. Mwaka 2009 maji ya mgodi huo yalivuja hadi mto Tigithe. Wakazi walisema watu na mifugo wao walikufa, mgodi ukakanusha vifo hivyo. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu lililokuwa likivujisha. Miaka mitatu baadaye samaki walielea wamekufa kwenye mto Mara, na kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza majini, vitu vilivyomaliza hewa ya oksijeni. Nchi nzima ilicheka. Kwa watu wa bonde la Mara kicheko kile kilikuwa na uchungu ndani yake, maana ng'ombe wamekunywa na kukojoa mtoni humo tangu enzi za mababu.

Mtu aliyeishi na habari za namna hiyo kwa miaka zaidi ya kumi akiambiwa mwilini mwake mna sumu, ataitikia. Na akiambiwa ipo njia moja ya kuitoa yote, ataifuata. Hawa ni watu ambao 2011 walishuhudia misururu ya magari ikipita Mugumu na kukatiza Serengeti kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500.

Sasa, dawa ya kutoa metali mwilini ipo kweli. Si ya mitaani na si ya miujiza. Madaktari huiita kilesheni, na ilizaliwa vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Rudolph Peters na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford walikuwa wakitafuta kinga dhidi ya luisaiti, gesi ya sumu iliyotengenezwa kwa aseniki. Waligundua kwamba aseniki huua kwa kung'ang'ania salfa iliyomo kwenye protini za mwili. Wakatengeneza molekuli ndogo yenye salfa mbili zilizokaa jirani, ili aseniki ivutiwe nayo kuliko protini. Ikishashikwa pande zote mbili haiachii kirahisi. Inachukuliwa na damu hadi kwenye figo, inatoka na mkojo. Dawa hiyo, dimekaproli, ingali inatumika. Huyeyushwa kwenye mafuta ya karanga na kuchomwa kwenye msuli, inauma sana, inanuka, na inaweza kupandisha shinikizo la damu.

Baadaye zilikuja dada zake. EDTA, ambayo kwanza ilikuwa kemikali ya viwandani iliyotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1930, iligeuzwa dawa ya wafanyakazi waliojaa risasi mwilini. DMSA ilikuja katika mfumo wa kidonge cha kumeza, chenye harufu ya yai viza, na mwaka 1991 Marekani iliiidhinisha kwa watoto wenye risasi nyingi kwenye damu. DMPS, ndugu wa karibu wa DMSA, ndiyo inayotajwa zaidi kwa zebaki. Shirika la Afya Duniani limeziweka kadhaa kati ya hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na kwa mtoto mwenye risasi kuanzia mikrogramu 45 kwa kila desilita ya damu linashauri apewe.

Ukitaka kuona tiba hii ikifanya kazi hapa Tanzania huna haja ya kwenda machimboni. Nenda kwenye kliniki ya selimundu. Watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo nchini kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ina sehemu yake kubwa. Baadhi yao huongezewa damu mara kwa mara, na kila chupa ya damu huleta miligramu 200 hivi za madini chuma au zaidi, ilhali mwili kwa siku hautoi zaidi ya miligramu moja au mbili. Chuma kinachobaki hujikusanya kwenye ini na moyo. Mtoto akipewa deferoksamini, huchomwa sindano nyembamba chini ya ngozi, na dawa hupenyezwa taratibu na pampu kwa saa nane hadi kumi na mbili, usiku akiwa amelala. Asubuhi mkojo wake hutoka mwekundu. Kile ni chuma chake mwenyewe, kimepimwa na kinajulikana kimetoka wapi. Sasa kuna deferasiroksi ya kumeza mara moja kwa siku, kwa anayeipata. Siku ukiambiwa kwamba tiba ya kutoa metali ni uzushi wa wazungu, mkumbuke mtoto huyo. Na siku ukiambiwa kwamba ni ya kila mtu, mkumbuke huyohuyo, kwa sababu hapewi kabla ya kupimwa, na akiwa kwenye dawa hupimwa macho na masikio, maana dawa yenyewe inaweza kuviharibu.

Hapo ndipo wauzaji wa "kusafisha damu" wanapokaa kimya. Molekuli inayoshika metali haijui ipi ni sumu na ipi ni mali ya mwili. Zinki, shaba, chuma na kalsiamu nazo ni metali, na bila hizo moyo haupigi wala kidonda hakiponi. Aina moja ya EDTA, ile yenye sodiamu mbili bila kalsiamu, ikiingizwa haraka kwenye mshipa huinyang'anya damu kalsiamu yake mpaka moyo unasimama. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilieleza mwaka 2006 juu ya vifo vitatu vya namna hiyo vilivyotokea kati ya 2003 na 2005. Wawili walikuwa watoto wadogo, na mmoja kati yao alikuwa akitibiwa usonji, hali ambayo tiba hii haijawahi kuthibitika kuisaidia. Majina ya dawa mbili za EDTA yanafanana sana, tofauti ni neno moja tu kwenye chupa, na mkono wa muuguzi ukichukua chupa siyo, basi.

Utafiti mwingine wa 2007, uliofanyika kwa panya, unanikaa kichwani kuliko hivyo vifo. Panya waliolishwa risasi kisha wakapewa DMSA walipata nafuu katika kujifunza. Panya ambao hawakuwa na risasi yoyote, wakapewa dawa ileile, walidumaa akili kwa muda mrefu. Panya si mtu, naelewa. Lakini anayekunywa dawa ya kutoa metali kwa kubahatisha, "ili kuwa salama", ajue kwamba kwa wanyama hao dawa iliwadhuru wale ambao hawakuwa na kitu cha kutolewa.

Turudi kwenye dhahabu. Kwenye mwalo, pale wanapooshea mawe ya dhahabu, yule aliyekwisha kuyasaga kwenye karasha na kuyaosha anabaki na unga mweusi mzito. Anamimina zebaki kidogo, anakanda kwa mkono mtupu ndani ya karai, zebaki inaila dhahabu. Kisha anaikamua kwenye kipande cha kitambaa, zebaki ya ziada inachuruzika kurudi kwenye chupa ya soda, na mkononi kinabaki kidonge cheupe kisichozidi punje ya harage. Kidonge hicho kinawekwa juu ya kipande cha bati, moto chini. Dakika chache tu, weupe unaisha, unjano unatokeza. Inakadiriwa kwamba gramu moja ya dhahabu hugharimu gramu moja hadi mbili za zebaki, na sehemu kubwa huondoka kwa njia hiyo, hewani.

Wapo wachimbaji wanaoogopa kuimeza zebaki. Kumbe zebaki ya maji ikimezwa hupita tumboni karibu yote bila kuingia kwenye damu. Hatari iko kwenye mvuke, usio na rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, asilimia 80 hivi huingia kwenye damu kupitia mapafu, na ndani ya muda mfupi hufika kwenye ubongo. Huko hubadilika umbo na kunaswa; njia ya kuingilia ilikuwa wazi, ya kutokea haipo. Figo nazo huchukua fungu lao. Ndipo zinakuja dalili ambazo familia huziita tabia: hasira za haraka, aibu isiyo na sababu, usingizi kukata, mate kujaa mdomoni, kusahau, na mikono kutetemeka hadi chai inamwagika kwenye sahani. Huko Rwamagasa, Geita, watafiti waliokwenda chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwakuta karibu mmoja kati ya kila wachomaji wanne akiwa na dalili pamoja na vipimo vya kutosha kuitwa mgonjwa wa zebaki.

DMPS au DMSA ikipewa mtu wa namna hiyo, zebaki kwenye mkojo hupanda, hilo halina ubishi. Kule Mindanao, Ufilipino, wachimbaji na majirani zao walipewa DMPS kwa wiki mbili, na baadhi walipata nafuu ya kumbukumbu na dalili nyingine. Lakini dawa hizi huingia kwa shida sana kwenye ubongo. Husafisha figo na damu. Kilichonaswa kichwani hubaki karibu chote. Na dimekaproli, ile ya Oxford, haipewi mtu aliyepata zebaki ya aina inayopatikana kwenye samaki, kwa sababu huweza kuihamishia kwenye ubongo badala ya kuitoa. Sainaidi ya mitambo ya kuchenjulia marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, ni kisa kingine kabisa. Si metali, na ina dawa zake za dharura zinazotakiwa kutolewa ndani ya dakika, siyo wiki.

Ushahidi wa tofauti kati ya damu safi na ubongo uliopona ulikuja 2001, katika jaribio la watoto 780 wa Marekani wenye risasi ya kiasi cha wastani. Nusu walipewa DMSA, nusu vidonge bandia. Risasi kwenye damu ya waliopewa dawa ilishuka, kama ilivyotarajiwa. Walipopimwa akili na tabia baadaye, hawakuwa tofauti na wenzao. Mambo ya moyo yalikwenda hivyohivyo. Kwa miaka mingi dripu za EDTA zimeuzwa duniani kama dawa ya kuzibua mishipa. Jaribio la Marekani la watu 1,708 waliowahi kupata shambulio la moyo lilionesha nafuu kidogo mwaka 2013, hasa kwa wenye kisukari, wenye kliniki wakashangilia. Likarudiwa kwa wenye kisukari 1,000, matokeo yakatoka 2024. Risasi kwenye damu yao ilipungua kwa asilimia 61, nafuu ya moyo ikawa sifuri.

Kuna ujanja mmoja wa vipimo ambao msomaji anapaswa kuujua kabla hajatoa fedha. Mtu hupewa kwanza kidonge cha kuvuta metali, mkojo wake wa saa zinazofuata ukapelekwa maabara, kisha majibu yakalinganishwa na kiwango cha watu wasiokunywa kidonge. Kila binadamu ana chembe za zebaki na risasi, kwa hiyo kila binadamu atasomeka "juu". Chuo cha madaktari wa sumu cha Marekani kimesema waziwazi kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kisayansi. Cheti chake, chenye mistari myekundu, kinatisha kuliko beseni.

Na maziwa? Fundi rangi, fundi gereji, msaga mawe, wote wanaamini glasi ya maziwa jioni inakata sumu, na kwenye nchi ya wafugaji kama hii ushauri huo ni rahisi kufuatwa. Una chembe ya ukweli kwa risasi: mtoto aliyeshiba kalsiamu na madini chuma hufyonza risasi kidogo zaidi tumboni. Mvuke wa zebaki haupiti tumboni. Unaweza kunywa debe zima.

Mfano mkubwa kuliko yote barani kwetu uko Zamfara, Nigeria. Mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa vijijini humo kwa risasi iliyokuwa ndani ya mawe ya dhahabu, mawe yaliyosagwa uani, kwenye vinu vilevile vya nafaka. Madaktari Wasio na Mipaka walileta DMSA na kutibu maelfu. Lakini kijiji cha Bagega kilisubiri. Shirika lilikataa kuwaanzishia dawa watoto wa huko kabla udongo wa majumbani haujaondolewa, kwa sababu mtoto aliyesafishwa leo angerudi kulamba vumbi lilelile kesho, na risasi iliyojificha kwenye mifupa ingepanda tena. Usafishaji ulianza 2013. Uamuzi ule ulilaumiwa sana, na kwa mama mwenye mtoto mwenye degedege haukuelezeka. Mimi naona walikuwa sahihi, ingawa lawama zilipaswa kwenda kwa serikali iliyochelewesha fedha za kusafisha. Jirani zaidi, Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilijaza risasi kwenye damu ya watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi wa hapo walichopigania kwanza ni kiwanda kifungwe. Kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Kwa Mara hatua inayolingana na hiyo ni kuuzima moto wa bati. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mkataba unaozitaka nchi kukomesha kuchoma zebaki mahali pa wazi na kwenye makazi. Retoti, chungu kidogo cha chuma chenye mfuniko na bomba linalopoozwa kwa maji, hunasa zaidi ya asilimia 90 ya mvuke ikifungwa vizuri, na zebaki inarudi kwenye chupa tayari kutumika tena. Wachimbaji wanalalamika kwamba inachelewesha kazi na kwamba ndani ya chungu dhahabu haionekani, na mtu asiyeiona dhahabu yake huhisi anaibiwa. Lalamiko la pili ni la kweli kabisa machimboni. Ndiyo maana wengi huondoka na kidonge chao cheupe mfukoni na kukichomea nyumbani, kwenye jiko la mkaa, mlango umefungwa. Hapo anayevuta ni mke, mtoto aliye mgongoni na aliye tumboni. Timu ya Elias Nyanza wa chuo cha Bugando, Mwanza, iliyowafuatilia wajawazito zaidi ya 1,000 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, ilikuta zebaki na aseniki nyingi zaidi kwa walioishi maeneo ya machimbo, na viwango hivyo vikaendana na madhara kwa mimba na kwa watoto wanaozaliwa. Kwa mjamzito dawa za kuvuta metali hutumika kwa woga mkubwa na kwa nadra.

Mchomaji anayeshuku mwili wake aende hospitali, na kabla ya kueleza kinachomuuma aeleze kazi anayofanya, maana daktari asiyejua kuhusu zebaki ataandika malaria au msongo wa mawazo. Kipimo chake ni mkojo, uliotolewa bila kunywa kitu chochote cha kuvuta. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Kiwango kikiwa kikubwa na dalili zipo, kilesheni ina nafasi yake, wodini, damu ikipimwa mara kwa mara. Kikiwa cha wastani, figo zenyewe zinaimudu: mwili hupunguza zebaki ya mvuke kwa nusu kila baada ya takriban miezi miwili, ilimradi mtu asivute nyingine. Ataambiwa akae mbali na moto na arudi kupimwa baada ya muda huo. Akirudi namba ikiwa palepale, daktari hatakimbilia dawa. Atauliza nani mwingine anachoma pale nyumbani, na jiko liko chumba gani.